Uliza Lugha: Kihispania kimemhamishia "mimi" mwishoni mwa kitenzi

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela, na nyie wengine mambo vipi. Toleo lililopita nilisema kwa kupita tu kwamba mwezi huu tutapokea maswali ya Kihispania, nikategemea barua mbili tatu, kumbe huku nyanda za juu kusini kuna watu wanajifunza hii lugha kimyakimya usiku na hedifoni masikioni na wala hawasemi. Maswali karibu yote yamegonga palepale, kitenzi cha kawaida, yaani kinachofuata kanuni bila ukorofi, kwenye wakati uliopo, kwa hiyo leo hatutoki hapo. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo Tukuyu, nafanya kazi sehemu wanapopaki parachichi za kwenda nje. Kuna mnunuzi mmoja wa Hispania anakujaga msimu ukifika na mi nimeanza kujifunza kwenye simu ili niongee nae hata kidogo. Juzi nikamwambia "yo trabajar aquí", akatabasamu akasema "ah, trabajas aquí". Sijaelewa kabadilisha nini. Na kwenye vidio naona kitenzi kimoja kina maneno sita, nachoka hata sijaanza. (Binti wa Tukuyu)

JIBU: Marahaba binti. Hujachemka sana, maana yule mtu kaelewa. Ila "trabajar" ni "kufanya kazi", kwa hiyo ulichomwambia ni "mimi kufanya kazi hapa", na yeye akakurudishia kwa adabu "aha, unafanya kazi hapa".

Sasa tulia hapa maana ukielewa hii mengine yote yanafuata. Kwenye Kiswahili tunaanza na mtu, ndo tunakuja kwenye tendo: ni-na-uza, u-na-uza, a-na-uza, tu-na-uza. Mtu yupo mbele na mzizi upo nyuma. Kihispania wamegeuza, tendo linatangulia alafu mtu anakaa mwishoni, yaani kitenzi chetu ni daladala ambayo konda kakaa siti ya mbele na dereva, chao konda kaning'inia mlango wa nyuma, lakini bila konda zote mbili haziendi. We ulisema kitenzi bila konda.

Kitenzi chochote cha Kihispania ukikikuta kwenye kamusi kinaishia na -ar, -er au -ir. Hizo herufi mbili za mwisho ndo "ku-" yao. Unazikata, unabaki na mzizi, alafu unabandika mwisho wa mtu unayemsema. Tuchukue hichohicho chako, trabajar, kata -ar unabaki na trabaj-. Ukijisema mwenyewe ni trabajo, nafanya kazi. Unayeongea nae ni trabajas. Bosi wako hayupo, unamsema, trabaja. Nyie wote mliopo pale kwenye kreti, trabajamos. Wale wa zamu nyingine ni trabajan. Na kuna trabajáis ambayo ni "nyie mnafanya kazi" ya kule Hispania, hiyo nitaisema kwenye barua inayofuata kwa hiyo kwa sasa iache.

Usitafute "na" ya wakati uliopo, haipo. Wengi mnakwama hapo, mnataka kila kipande cha "ni-na-fanya" kipate mwenzake. Ule mwisho mmoja wa -o umebeba vyote viwili, mtu na wakati. Na kwa sababu umebeba mtu, "yo" nayo haina ulazima. Ni sawa na sisi tu, mtu akikuuliza unafanya kazi wapi husemi "mimi ninafanya kazi Tukuyu" labda kama kuna mwingine amesema anafanya Kyela na we unataka kujitofautisha. Kwa hiyo sema "Trabajo en Tukuyu" basi imetosha, ukiweka "yo" kila sentensi unasikika kama mtu anayejipigapiga kifua.

Haya sasa zile -er na -ir. Kuuza ni vender: vendo, vendes, vende, vendemos, vendéis, venden. Kufungua ni abrir: abro, abres, abre, abrimos, abrís, abren. Angalia vizuri usiogope wingi wa maneno. "Mimi" ni -o kotekote, haijali ni -ar au -er au -ir. "Wewe" lazima iwe na s mwishoni. "Sisi" ni -mos siku zote. "Wao" ni n. "Yeye" ndo amekaa uchi, anabaki na irabu peke yake. Kwa hiyo alama zenyewe ni nne, o, s, mos na n, na kinachobadilika ni irabu iliyopo katikati: kundi la -ar linatumia a, kundi la -er linatumia e, na kundi la -ir ni wavivu wameazima e ya jirani kila mahali isipokuwa kwenye "sisi" na ile "nyie" ya Hispania ambapo wanakumbuka kwao na kurudisha i, abrimos, abrís.

Wengine wanakushauri ukariri jedwali zima kwa vitenzi hamsini, mi siungi mkono. We chagua vitenzi ambavyo mikono yako inavifanya kila siku. Pale ulipo kuna trabajar, kuna lavar kama mnaosha, kuna pesar kupima uzito, cargar kupakia, vender, abrir, na hivi vyote ni vya kawaida kabisa. Kazi ikiendelea jisemee kichwani peso, cargo, abro, na mwenzako akishika mzani jisemee pesa, akipakia carga. Mnunuzi wako akija tena mwambie "Vendemos aguacates", aguacate ndo parachichi kwa watu wa Hispania, ila akija wa Chile au Peru au Argentina yeye anaita palta, kitenzi kinabaki hichohicho.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Naongoza watalii, sana sana Ruaha, na wakiwa na nusu siku ya ziada mjini nawapeleka Isimila. Wageni wa Kihispania siku hizi nawapata. Shida yangu ni tú na usted, sijui mgeni nimwite lipi, na wakiwa wengi kuna kundi wanasema vosotros, kundi lingine ustedes. Sitaki kumvunjia mtu heshima kwenye gari yangu. (Muongoza watalii, Iringa)

JIBU: Salama kaka. Sisi heshima tunaiweka kwenye shikamoo, kwenye mzee, mama, mkuu, ila kitenzi chenyewe hakijali, "unakula" ni ya mtoto na ni ya babu. Kihispania heshima imeingia mpaka kwenye kitenzi. Mtu wa karibu, tú, unampa ile s: ¿hablas inglés? Mtu mzima au mgeni usiyemzoea, usted, unampa umbo la yeye: ¿usted habla inglés? Ndiyo, habla ileile ya "anaongea", unamtazama usoni alafu unamsema kama hayupo.

Inashangaza mpaka ujue ilikotoka. Usted imezaliwa kutoka kwenye vuestra merced, cheo cha kumtukuza mtu, ikasagika midomoni mwa watu karne kwa karne mpaka ikawa neno dogo. Kwetu si geni hilo, ukiwa hotelini mhudumu anakuja anakuuliza "mheshimiwa anakunywa nini?" na mheshimiwa ni wewe uliyekaa hapohapo. Mhudumu yule anatumia usted bila kujua.

Ushauri wangu, mwenye mvi anza na usted, kijana mwenye mkoba mgongoni mpe tú. Watu wa Hispania wenyewe wanakimbilia tú haraka sana, atakwambia mwenyewe acha usted. Wa Amerika ya Kusini hutofautiana sana nchi na nchi kwa hiyo hapo usted haikutupi.

Kwenye wingi, Hispania ndo wana vosotros, yaani "nyie" ya kirafiki: habláis, coméis, vivís, mnaongea, mnakula, mnaishi. Kuanzia Mexico mpaka kule chini Chile na Argentina hiyo hawaitumii, "nyie" zote ni ustedes, rafiki na mzee humohumo, na ustedes inachukua n ya wao: hablan, comen, viven. Kwa hiyo we gari ikijaa watu mchanganyiko tumia ustedes tu, Mhispania ataona una adabu kidogo kupitiliza na wa Mexico ataona kawaida. Ila -áis na -éis zizoee kwa masikio maana watakuuliza nazo. Na usisahau wenzetu wa Guinea ya Ikweta, Kihispania ni lugha yao rasmi tangu enzi za ukoloni ulioisha 1968, kwa hiyo siku moja anaweza kupanda gari yako Mwafrika mwenzako mkaelewana kwa hii lugha.

Za kuanzia nakupa hizi zote za kawaida. El elefante come hierba, tembo anakula nyasi. Los elefantes beben en el río, tembo wanakunywa mtoni. El león descansa, simba anapumzika. Las jirafas caminan, twiga wanatembea. Esperamos aquí, tunasubiri hapa. Regresamos a las seis, tunarudi saa sita ya kwao. Hiyo ya mwisho angalia vitu viwili, kwanza ni wakati uliopo lakini unasema jambo la baadae, inakubalika kabisa kama sisi tunavyosema "tunarudi jioni". Pili, seis ni sita lakini saa yao sio yetu, a las seis ya jioni ni saa kumi na mbili. Ukiwaambia a las doce ukidhani umesema saa kumi na mbili jioni, watakusubiri na chakula cha mchana.

SWALI: Mambo mwalimu. Nimesoma kwamba Kihispania -o ni ya kiume na -a ni ya kike. Mi ni mwanamke, sasa mbona wananifundisha niseme "hablo"? Nisiseme "yo habla"? (Dada wa Uyole)

JIBU: Hapana dada, usithubutu, "habla" ni yeye. Ile o na a ya kiume na kike inakaa kwenye majina na kwenye sifa, mfano ukichoka we utasema cansada na kaka yako cansado. Kitenzi hakina jinsia. Hablo ni ya mwanamke na ya mwanaume, na mumeo akiingia jikoni nae ni cocina na ile a haimpunguzii kitu. Ni kama "anapika" yetu tu haijui kama ni baba au mama.

SWALI: Bwana mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha sarufi ya Kiswahili miaka mingi. Mjukuu wangu anajifunza Kihispania na ananiambia ni lugha ngumu. Nataka kujua, upatanisho wa kisarufi kwao ukoje? Wana ngeli ngapi zinazogusa kitenzi? (Mzee wa Makambako)

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nimefurahi swali hili limetoka kwako, maana vijana hawalioni kabisa kwa sababu sisi ngeli tumezinyonya na maziwa. Kwenye kitenzi hawana hata moja.

Sisi tunasema mwalimu anafika, basi linafika, kitabu kinafika, mvua inafika, ugeni unafika. Vitu vitano, viambishi vitano, na bado sijaingia kwenye wingi. Kihispania chukua llegar, kufika, alafu panga: el profesor llega, el autobús llega, el libro llega, la lluvia llega, la visita llega. Wote llega. Wakiwa wengi, llegan, awe mtu iwe mvua. Kwa hiyo mwambie mjukuu kwamba mtoto wa Makambako aliyeweza "kilichovunjika" na "yaliyomwagika" kabla hajaanza darasa la kwanza hana sababu ya kulalamikia maumbo sita.

Wao ugumu wameuhamishia kwenye el na la, kila jina lazima ujue ni la kiume au la kike, ila kitenzi hakijigusi na hayo. Sehemu moja tu ngeli zetu zinatuponza. Kwetu "watu" ni wingi, wanaongea. Kwao la gente, watu, kisarufi ni umoja, kwa hiyo ni la gente habla. Nimeona mpaka watu waliosoma muda mrefu wanaandika "la gente hablan" na naelewa kabisa imetoka wapi, akili inasema watu, mkono unaandika n. Mjukuu akikuletea daftari tafuta hiyo kwanza.

SWALI: Oya mwalimu, kukanusha na kuuliza inakuwaje? Yaani "siongei", "hawali"? (Mwanachuo, Iringa)

JIBU: Rahisi mpaka inakera. Weka no mbele, basi. Hablo, no hablo. Comen, no comen. Sisi tunavunja kitenzi mbele na nyuma, ninaongea inakuwa siongei, wanakula inakuwa hawali hata ku- imepotea, wao hawagusi chochote. Kuuliza ni sauti tu inapanda, ¿hablas español?, na ukiandika unaweka alama ya kuuliza iliyopinduka mwanzoni, kwenye simu bonyeza kwa muda ile alama ya kawaida itatokea. Ukijibu hapana zinakuja no mbili, no, no hablo, ya kwanza inajibu na ya pili inakanusha.

SWALI: Mwalimu mi nataka kujua "ninakula" na "huwa nakula" wanatofautishaje? Programu ya kwenye simu inanipa "como" kwa zote mbili nahisi imeharibika. (Msomaji, Vwawa)

JIBU: Haijaharibika. Como ni nakula, na ni huwa nakula. Como ugali, nakulaga ugali, ni mtu anayekula ugali huyo. Ukitaka kukazia kwamba ni sasa hivi tonge lipo mkononi wana njia nyingine, estoy comiendo, ila estar, mojawapo ya "kuwa" zao, si ya kawaida kwa hiyo leo naipita. Sisi pia huku mtaani "nakaa Vwawa" haimaanishi nimekaa sasa hivi kwenye kiti. Wakati uliopo wao ni mpana, unabeba tabia, unabeba sasa, unabeba na kesho kama nilivyomwambia yule wa Ruaha.

SWALI: Mwalimu habari. Kipindi kocha Gamondi yupo Yanga nikaanza kufuatilia vidio za Waajentina, sasa nasikia wanasema "vos hablás", "vos comés", mkazo upo mwishoni kabisa. Kwenye kitabu changu hamna hicho kitu. Wanakosea? (Mwananchi wa Mwanjelwa)

JIBU: Hawakosei, ndo lugha yao. Miguel Gamondi ni Muajentina, na Argentina pamoja na sehemu kubwa ya Uruguay na sehemu nyingine kadhaa hawatumii tú, wanatumia vos. Kutengeneza umbo lake ni rahisi kuliko hata tú, unachukua kitenzi kizima, unatoa r, unaweka s, mkazo unabaki palepale mwishoni: hablar, hablás, comer, comés, vivir, vivís. Nafsi nyingine zote ni zilezile, hablo, habla, hablamos, hablan. Hiyo vivís utaiona imefanana na vivís ya vosotros wa Hispania, usichanganye, wa Buenos Aires anamwambia mtu mmoja na wa Madrid anawaambia wengi.

Pablo Franco aliyeifundisha Simba yeye ni Mhispania, kwake ni tú hablas na vosotros habláis. Kwa hiyo chagua upande mmoja uushike, kuongea nusu Buenos Aires nusu Madrid ndo kunakochosha msikilizaji. Sijasema uchague Simba au Yanga, ukurasa huu ni wa lugha tafadhali.

SWALI: Mwanangu yupo kidato cha pili, anasoma Kihispania mwenyewe kwa sauti sebuleni. Nataka nijue kama anatamka sawa maana mi sijui hata neno. (Mama, Njombe)

JIBU: Mama, irabu zake akizitamka kama za Kiswahili yupo sahihi, a e i o u ni zilezile, hapo mtoto wako kamzidi Mwingereza anayehangaika nazo. Na mkazo, kitenzi kikiishia na irabu, n au s bila alama juu, mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho kama sisi. HA-blo. Tra-BA-jan. Tra-ba-JA-mos. Kikiwa kizima na r yake mkazo unakimbilia mwisho, tra-ba-JAR, na penye alama fuata alama, tra-ba-JÁIS. Ukimsikia anasema HA-bla-mos mkatize.

Herufi za kuangalia: h haisomwi kabisa, hablo ni "ablo". J inatoka kooni kama kh ya kheri. Ll ni kama y yetu, llego ni "yego". V wanaitamka karibu na b, vivo inasikika "bibo". C ikiwa mbele ya e au i, Hispania sehemu kubwa wanaitamka kama th ya themanini, cocino inakuwa "kothino", Amerika ya Kusini "kosino". Na kama nyumbani kwenu r na l zinabadilishana viti kama kwetu, mwambie akaze, maana r ya hablar ndo inayosema kitenzi bado hakijapewa mtu.

SWALI: Mwalimu naomba unisahihishie. Nimeandika mwenyewe bila kuangalia popote: "Vivo en Mafinga. Mi hermano vende madera. Nosotros vivemos con mi abuela. Mis hermanas estudia en Mbeya. Yo teno dos hijos. Necesito compro un teléfono. Mañana viajo a Iringa." Na nitajuaje kitenzi ni cha kawaida au sio? (Baba wawili, Mafinga)

JIBU: Kaka umejitahidi, na kuuza mbao Mafinga nani asiyekuamini. Ya kwanza na ya pili safi, hata sigusi. Mañana viajo nayo ipo sawa, kesho nasafiri.

Vivemos ndo ule mtego niliomwambia binti wa Tukuyu, vivir ni -ir, kwenye sisi i inarudi, vivimos. Na nosotros itoe, -mos imeshasema. Mis hermanas ni wengi, kwa hiyo estudian. Najua ilikotoka, kwetu "dada zangu" neno dada halibadiliki kwenye wingi, ukasahau kitenzi.

Necesito compro, hapa ungefikiria Kiswahili tu ungepatia. Husemi "nahitaji nanunua simu", unasema nahitaji kununua. Vitenzi viwili vikifuatana vya mtu mmoja, cha kwanza kinapewa mtu, cha pili kinabaki na "ku" yake: necesito comprar. Hii sheria itumie bila woga, necesitamos vender, necesitan trabajar.

Teno sasa. Ulifuata kanuni vizuri kabisa, tener ukakata -er ukaweka -o, bahati mbaya tener si ya kawaida, ni tengo. Kukitazama kitenzi tu usoni huwezi kujua, kamusi nzuri itakuonyesha. Na vinavyokorofisha ni vile vinavyotumika sana, kuwa, kwenda, kutaka, kuweza. Querer, kutaka, unapata quiero, lakini kwenye sisi inatulia, queremos. Usiwalaumu sana, sisi wenyewe "kuwa" kwenye wakati uliopo tunasema "ni", na "kuwa na" inakuwa "nina", mgeni anayejifunza Kiswahili anatutazama hivyohivyo. Vilivyobaki, maelfu kwa maelfu, na hasa vya -ar, vinafuata kanuni.

Barua yako, kwamba unaishi Mafinga na bibi, kaka anauza mbao, dada zako wanasoma Mbeya, una watoto wawili, unahitaji kununua simu na kesho unasafiri Iringa, sasa inasomeka hivi: Vivo en Mafinga. Mi hermano vende madera. Vivimos con mi abuela. Mis hermanas estudian en Mbeya. Tengo dos hijos. Necesito comprar un teléfono. Mañana viajo a Iringa.

Barua za ser na estar, vitenzi vyao viwili vya "kuwa", zimebaki mezani, hizo ni toleo lijalo, na mliouliza wakati uliopita vumilieni kwanza.